Kiuno, na Gharama ya Kujua Kweli

Katika mtaa wetu wa Kasuku, hapa Kindu, hakuna kazi isiyopita kiunoni. Mama huinama kutwa katika shamba la mpunga, kiisha hubeba kuni na muhogo mgongoni. Binti hutwanga kinuni. Mtoto huteka maji kwa bidoni ya litri 20, nayo ikijaa ina uzito wa kilo 20. Vijana wa bandarini hushusha magunia kutoka mitumbwi na mashua za Lualaba. Na baba wa toleka husukuma baisikeli yenye mzigo kuliko uzito wa mwili wake, siku nyingi njiani, akipandisha vilima na kuvuka madaraja ya miti. Kwa hiyo mtu akisema, "Kiuno chaniuma," nyumbani hawamcheki. Wanajua ya kuwa kiuno kikilala, chungu nacho kitalala.

Wala si sisi tu. Imehesabiwa kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna ugonjwa mwingine ulimwenguni unaowafanya watu kuishi miaka mingi hivyo katika hali ya kushindwa kazi zao. Hauui upesi kama malaria, na kwa sababu hiyo wakubwa wengi huusahau. Lakini huiba nguvu za nyumba kidogo kidogo, kama mchwa katika mti wa paa.

Mtu akiumwa kiuno, mashauri huja mengi kuliko nzi. Huyu asema, "Tafuta sindano." Yule asema, "Uchanjwe chale, damu mbaya itoke." Mwingine asema, "Nunua mkanda wa kufunga kiuno." Mwingine amesikia ya kwamba katika nchi za mbali wako matabibu wanaosukuma mifupa ya mgongo kwa mikono, ikalia ka! na mgonjwa akasimama. Kila mmoja huomba franka. Sasa, ndugu msomaji, twawezaje kujua ni nani asemaye kweli? Na kuijua kweli kuna gharama yake. Je, ni nani aliyeilipa? Hayo ndiyo tutakayofundishana katika kurasa hizi.

KIUNO NI KITU GANI?

Uti wa mgongo ni mifupa midogo iliyopangwa moja juu ya mwenziwe, tunaiita pingili. Kati ya pingili na pingili kuna mto mgumu unaonepa kidogo, ili mifupa isisagane. Kamba na misuli huzishika pingili pande zote, kama kamba zishikavyo mlingoti wa mashua. Ndani yake hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni, kibofuni na matumboni. Pingili 5 za kiunoni ndizo zichukuazo uzito mkubwa kuliko zote za juu yake.

Watu wengi hufikiri ya kuwa kiuno kikiuma, lazima mfupa umevunjika au umetoka mahali pake. Sivyo. Kwa watu walio wengi hakuna mfupa uliovunjika, wala uliohama, wala ugonjwa unaoonekana hata kwa picha ya mionzi. Ni misuli, kamba na viungo vilivyochoka au kushtuka. Na habari njema ni hii: maumivu ya namna hiyo, yaliyoanza juzi na jana, mara nyingi hupungua sana katika muda wa majuma machache, hata kama mtu hakununua kitu cho chote.

Shika sana neno hili la mwisho, maana ndilo mlango wa mambo yote yafuatayo.

JOGOO NA JUA

Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Je, ni jogoo aliyeliita jua? Hapana, lingechomoza tu. Vivyo hivyo mtu akiumwa kiuno, siku ya kumi ampate mchanja chale, na siku ya kumi na tano apone, atakwenda akimsifu mchanja chale katika soko zima. Angepigwa sindano, angeisifu sindano. Angelala tu na kunywa maji, angesema maji. Kila tabibu wa kiuno ana mashahidi wengi, kwa kuwa kiuno chenyewe hupona mara nyingi.

Ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi, hata akiwa mtu mwaminifu. Mwaka 1747 daktari wa merikebu za Uingereza, jina lake James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye ugonjwa wa kuoza ufizi. Akawagawa wawili wawili, kila jozi ikapewa dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na ndimu walipona upesi kuliko wenzao. Hakuuliza tu, "Je, mmepona?" Aliuliza, "Nani amepona kuliko nani?" Hapo ndipo elimu ilipo.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa uangalifu zaidi. Wagonjwa mamia hugawanywa kwa kura, ili tabibu asijichagulie wenye nguvu akamwachia mwenzake wanyonge. Kundi moja hupata tiba hii, kundi la pili hupata ile. Kisha hufuatwa miezi mingi, maumivu yao yakiandikwa. Kazi hii yataka wauguzi, waandishi, safari, karatasi na watu wa kuhesabu. Yote ni fedha. Mkono mtupu haulambwi, na uchunguzi usio na fedha haufiki mbali.

MATABIBU WA MIKONO

Sasa tuwatazame wale wasukumao mifupa. Kazi yao yaitwa kiropraktiki, jina lililotungwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kazi ya mikono. Aliyeianzisha ni Daniel David Palmer, mtu aliyezaliwa Kanada mwaka 1845. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport huko Marekani, alisukuma pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mtu mwenye shida ya kusikia, akasema kwamba masikio yake yalifunguka. Jina lenyewe la kiropraktiki alipewa na mchungaji mmoja, Samuel Weed, aliyekuwa rafiki yake. Mwaka 1897 Palmer alianzisha shule.

Palmer alifundisha ya kwamba karibu magonjwa yote hutoka katika pingili zilizokaa vibaya. Neno hilo halikuthibitika. Malaria haitoki mgongoni, wala kipindupindu. Madaktari wa Marekani wakawapinga sana wafuasi wake, wakawakataza wenzao kushirikiana nao, hata mambo yakafika barazani. Mwaka 1987 hakimu aliamua ya kuwa chama kikubwa cha madaktari wa Marekani kilivunja sheria kwa kuwazuilia watu hao kazi yao.

Lakini baraza la hakimu lapima haki ya kufanya kazi, halipimi kiuno. Swali lilibaki: je, mikono hiyo yasaidia maumivu ya mgongo wa chini, au haisaidii? Wapinzani walipiga kelele, wafuasi nao wakapiga kelele, na mgonjwa akaachwa katikati.

FEDHA ZILIPOTOLEWA

Mwaka 1974 wakubwa wa Baraza la Marekani waliona vema fedha za serikali zitumike kuchunguza neno hili, hata kufika dola milioni 2. Mwezi wa pili wa mwaka 1975 madaktari, matabibu wa mikono na watu wa elimu walikusanyika Bethesda. Walisoma yote yaliyokuwa yameandikwa. Wakamaliza kwa kusema kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha, wala wa kukubali wala wa kukataa. Fikiri: kazi iliyofanywa miaka 80, watu maelfu kwa maelfu wamelipa, na hakuna ajuaye kwa hakika! Hivyo ndivyo inavyokuwa pasipo mtu wa kulipa uchunguzi.

Tangu siku ile uchunguzi mwingi umefanyika. Tutazame michache.

Katika Uingereza fedha za Baraza la Uchunguzi wa Utabibu zililipia kazi juu ya wagonjwa 741, nayo ikatangazwa mwaka 1990. Waliokwenda kwa matabibu wa mikono walipata nafuu kuliko waliotibiwa hospitalini. Lakini wengine waliuliza swali la busara: hao wa kwanza walitibiwa katika nyumba za matabibu wao wenyewe, na hao wa pili katika hospitali zenye watu wengi. Je, ni mikono iliyosaidia, au ni kupokewa vizuri na kusikilizwa?

Mwaka 1998 ikatangazwa kazi ya Marekani juu ya watu 321. Kundi moja lilipata tiba ya mikono. La pili lilifundishwa mazoezi na watu wa tiba ya viungo. La tatu lilipewa kijitabu tu, chenye mafundisho juu ya mgongo. Matokeo? Makundi mawili ya kwanza yalikuwa sawasawa, nayo yakalizidi kundi la kijitabu kwa kidogo sana. Lakini gharama ya miaka 2 ilikuwa dola 429 kwa kila mtu wa mikono, dola 437 kwa wa mazoezi, na dola 153 kwa wa kijitabu. Kwa hiyo, msomaji, usikidharau kijitabu ulicho nacho mkononi.

Mwaka 2004 Waingereza walitangaza kazi kubwa zaidi, juu ya watu 1334. Kusukumwa mgongo kulisaidia kidogo. Kusukumwa pamoja na mazoezi kulisaidia zaidi kidogo katika miezi 3 ya kwanza. Hata mwaka ukiisha, tofauti ilibaki ndogo. Mwaka 2018 jeshi la Marekani nalo lililipia uchunguzi juu ya askari 750. Waliopata tiba ya mikono pamoja na matibabu yao ya kawaida walipata nafuu kuliko wenzao baada ya majuma 6. Na mwaka 2019 watu wa elimu walikusanya kazi 47 za namna hii, zenye wagonjwa zaidi ya 9,000 wa maumivu ya siku nyingi. Waliona ya kwamba tiba ya mikono ni karibu sawa na tiba nyingine nzuri, kama mazoezi.

Hata hivyo kuna ugumu mmoja. Kidonge chaweza kufichwa: mgonjwa hajui kama amemeza dawa au unga mtupu. Lakini nani atakayesukumwa mgongo asijue? Akijua, hutumaini, na tumaini lenyewe hupunguza maumivu. Kwa sababu hiyo watu wa elimu husema maneno yao kwa kujizuia.

Basi neno lililopatikana kwa fedha hizo zote ndilo hili: tiba ya mikono si uongo mtupu, wala si ajabu. Yasaidia kwa kiasi, karibu sawa na mazoezi. Wafuasi hawakupenda kusikia neno hilo dogo, wala wapinzani. Lakini kwa maskini ni neno kubwa sana. Maana yake, baba wa Kasuku hana haja ya kuuza baisikeli yake ili aende kumtafuta tabibu wa mikono mbali. Watu hufundishwa kazi hiyo Durban na Johannesburg huko Afrika ya Kusini. Njia ya kwenda huko ni ndefu, na mazoezi yako hapa hapa katika mkeka wake.

MWAMBA NGOMA

Wazee walisema, "Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake." Mtengeneza dawa hulipia uchunguzi wa dawa yake. Chama cha matabibu hulipia uchunguzi wa kazi yao. Si lazima waseme uongo. Lakini yafaa kutazama ngozi imevutwa upande gani.

Na liko jambo la pili. Hakuna mtu mwenye mali ya kutembea kwa miguu. Hakuna kiwanda kinachouza kuinama na kuinuka. Kwa hiyo mambo yasiyo na mwenyewe hukosa mlipaji, isipokuwa serikali au watu wa hisani walipe kwa faida ya wote.

Lakini tusiwahukumu watu kwa haraka. Mwaka 2014 ilitangazwa kazi ya Australia juu ya watu 1652 walioshikwa na maumivu mapya ya kiuno. Wengine walipewa parasetamoli, wengine vidonge vitupu, na wote wakapewa mashauri mema. Fedha zilitoka serikalini, na nyingine kutoka kwa GlaxoSmithKline, watengenezaji wa dawa hiyo hiyo. Na matokeo yalikuwa nini? Dawa haikuzidi kidonge kitupu. Katika kila kundi nusu ya watu walikuwa wamepona katika siku 17 hivi. Neno hilo halikuleta faida kwa mwuzaji, lakini liliandikwa wazi. Hiyo ndiyo alama ya uchunguzi wa haki: matokeo hutangazwa, yakipendeza au yasipopendeza.

NA AFRIKA JE?

Hapa moyo wahuzunika. Mwaka 2018 watu wa elimu walikusanya kazi 65 zilizofanyika Afrika juu ya maumivu ya kiuno. Waliona ya kuwa katika kila watu 100, watu 39 walikuwa wakiumwa wakati ule ule wa kuulizwa, na 57 walikuwa wameumwa katika mwaka uliotangulia. Katika mkusanyo wa kwanza, wa mwaka 2007, kazi nyingi zilitoka Afrika ya Kusini na Nigeria tu. Yaani mizigo twabeba sisi, lakini vitabu huandikwa juu ya migongo ya wengine.

Kwa nini jambo hili ni la maana? Nitatoa mfano. Mwaka 2024 ilitangazwa kazi nyingine ya Australia juu ya watu 701 waliokwisha kupona kiuno. Waliofundishwa kutembea, hata wafikie nusu saa mara 5 kwa juma, walikaa muda mrefu kabla ya maumivu kurudi: siku 208, na wenzao siku 112. Ni neno jema. Lakini mama wa Kasuku atacheka, aseme, "Mimi natembea kila siku, tena na kitunga cha muhogo mgongoni!" Naye ana haki. Wale walichunguzwa katika nchi ambayo wengi hukaa vitini. Ni nani amechunguza kiuno cha mtu wa toleka? Ni nani aliyepima kama baisikeli iliyotengenezwa namna nyingine, au kisima kilichochimbwa karibu, vingesaidia kuliko sindano 100? Maswali hayo yataka fedha zake.

Tena si jambo lisilowezekana. Mwaka 2008 Scott Haldeman, ambaye ni daktari wa mishipa ya fahamu na tabibu wa mikono pia, alianzisha shirika liitwalo World Spine Care, nalo likafungua vituo vya mgongo Botswana, katika Mahalapye na kijiji cha Shoshong. Mwaka 2018 yeye na wenzake wa nchi nyingi walitangaza mpango wa kuwasaidia wenye maumivu ya mgongo katika nchi zisizo na mali. Fedha zilitoka katika mfuko wa Skoll, na mfuko wa NCMIC, ambao ni wa kampuni ya bima ya matabibu wa mikono. Hapa tena tunatazama ngozi ya ngoma. Lakini tunashukuru pia ya kuwa mtu amefika kijijini kuuliza.

MASHAURI YA OMS

Mwezi wa 12 wa mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni, ambalo huku twaliita OMS, lilitoa mashauri yake juu ya maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi 3 pasipo ugonjwa mwingine. Lilikubali mafundisho, mazoezi, kusukumwa mgongo na kukandwa, msaada wa mawazo, na dawa za jamii ya ibuprofeni. Juu ya kusukumwa mgongo lilisema wazi kwamba ushahidi wake bado ni dhaifu sana. Lilikataa mikanda ya kufunga kiuno, kuvutwa kwa mizigo, na dawa za jamii ya afyuni. Tramadoli imo katika jamii hiyo. Vijana wengi huimeza ili wabebe zaidi; lakini dawa hiyo humfunga mtu kama kamba, na siku akiikosa hutetemeka.

Basi fanya hivi nyumbani:

1. Usilale kitandani siku nyingi. Pumzika siku moja au mbili maumivu yakiwa makali, kisha simama, tembea, fanya kazi nyepesi. Misuli isiyotumika hulegea.

2. Fanya mazoezi kila siku. Lala chali mkekani, vuta magoti kifuani polepole, hesabu hata 10, uachie. Kisha kunja magoti, nyayo chini, inua matako, hesabu hata 5, ushuke. Kisha simama kwa mikono na magoti, panda mgongo juu kama paka, ushushe. Anza mara 5, ongeza kidogo kidogo.

3. Gawanya mzigo. Safari mbili za kilo 10 ni heri kuliko moja ya kilo 20. Shika mzigo karibu na mwili. Lakini ujue ya kuwa kufundishwa namna ya kuinua peke yake hakukuonekana kuzuia maumivu. Mazoezi ndiyo yaliyosaidia zaidi.

4. Baba, msaidie mama. Mke mwenye mimba huumwa kiuno kwa urahisi. Bidoni ya maji haimwulizi mwanamume kama yu mwanamume.

5. Tumia ibuprofeni kwa shauri la mwuguzi tu, siku chache, baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mwenye mimba wasiitumie.

6. Kataa chale. Wembe mmoja uliopita katika ngozi za watu wengi huleta ukimwi, ugonjwa wa ini na pepopunda. Tena usitafute sindano kwa mtu wa sokoni. Sindano iliyopigwa mahali pabaya matakoni yaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu, mtu akaburuta mguu hata kufa kwake.

DALILI ZA HATARI

Maneno yote ya juu ni kwa kiuno kilichochoka. Lakini pengine kiuno ni mjumbe wa ugonjwa mwingine. Nenda hospitalini bila kukawia ukiona:

— miguu inalegea, au inakufa ganzi, au ganzi imeshika sehemu za siri;
— mkojo au choo chatoka bila kujua, au mkojo umekataa kutoka;
— homa, jasho la usiku, kukonda, au nundu imetokea mgongoni;
— maumivu yalianza baada ya kuanguka mtini au kugongwa na pikipiki;
— maumivu hayapungui usiku wala mchana, na mtu ni mzee au amewahi kuwa na kansa.

Nundu na homa mara nyingi ni kifua kikuu cha mifupa. Kifua kikuu chaweza kula pingili mpaka mgongo ukapinda na miguu ikafa. Mtu wa namna hii asisukumwe mgongo, asikandwe kwa nguvu. Mfupa ulioliwa waweza kuvunjika na kubana mishipa ya fahamu. Dawa zake ziko, nazo hutolewa bure katika nchi yetu. Lakini zataka kumezwa miezi mingi pasipo kukatiza. Hapa kuchelewa juma moja kwa mchanja chale ni kupoteza miguu.

MCHUNGUZI AKIJA MLANGONI

Yawezekana siku moja watu wa uchunguzi watafika Kindu na daftari zao. Tuwapokee, maana pasipo wao tutaendelea kukopa elimu ya migongo ya wengine. Lakini mwenye nyumba ana haki ya kuuliza. Uliza hivi:

Ni nani alipaye kazi hii? Mnalinganisha nini na nini? Ni madhara gani yaweza kunipata, na nikiumia nani atanitibu? Je, naweza kukataa, au kuacha katikati, na bado nikatibiwa kama wengine? Na mwisho wa kazi, je, mtarudi kutuambia mliyoyaona?

Mchunguzi mwema atajibu yote kwa lugha unayoijua, wala hatakasirika. Akikulazimisha, au akikuficha jina la mlipaji, mwambie kwaheri kwa adabu.

Na mtu akikuletea tiba ya kiuno kwa franka nyingi, umwulize swali lile lile la James Lind: "Nani amepona kuliko nani?" Jina la mtaa wetu ni jina pia la ndege arudiaye kila neno aliloambiwa. Ndege huyo hana kosa, ndivyo alivyoumbwa. Lakini mtu amepewa akili ya kuuliza kabla ya kurudia neno, na kabla ya kufungua mfuko.

MASWALI YA KUULIZANA JIONI

1. Kwa nini kila tabibu wa kiuno ana mashahidi wengi?
2. Katika kazi ya mwaka 1998, kijitabu kiligharimu dola ngapi, na tiba ya mikono ngapi? Hiyo yatufundisha nini?
3. Taja dalili 3 zinazomtaka mtu aende hospitalini leo hii.
4. Katika nyumba yenu, ni nani abebaye mizigo mingi kuliko wote? Mtamsaidia namna gani kuanzia kesho?